Furu katika Tangi la Kioo: Uzazi, Malezi na Nasaba katika Ukanda wa Ziwa

Familia ya samaki ambayo wataalamu huiita Cichlidae, na ambayo hapa itaitwa sikilidi, inawajumuisha sato, ngege na perege wanaoliwa katika nyumba nyingi za Shinyanga na Geita, pamoja na furu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria ambao sokoni hawakuwahi kupewa heshima kubwa ilhali katika elimu ya viumbe wamejipatia jina duniani kote. Suala linalochambuliwa hapa ni ufugaji wa furu nyumbani, katika tangi la kioo, yaani kuwazalisha na kulea vifaranga wao, hususan kwa mfugaji anayeishi katika ukanda unaoanzia Songwa na Mwadui, wilayani Kishapu, ukapita Shinyanga mjini na Kahama hadi kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita. Wengi wanaolizungumzia jambo hili huliona kana kwamba ugumu wake uko katika kupata vifaranga. Ukweli ni kwamba furu huzaa kwa wepesi mno mradi maji ni safi na chakula kipo. Kazi ngumu ni kuhakikisha kwamba samaki wa kizazi cha tano au cha kumi ndani ya tangi bado ni wale wale waliotoka ziwani, wasiwe machotara wala watoto wa ndugu waliodhoofika, kwa kuwa hilo ndilo linaloamua iwapo ufugaji huu ni pambo la sebuleni tu au ni hifadhi ya kitu ambacho ziwa lenyewe limekipoteza.

Kilichopotea ni kikubwa. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 furu walikuwa sehemu kubwa kabisa ya uzito wa samaki wote waliokaa karibu na sakafu ya ziwa, kiasi cha asilimia 80 kwa vipimo vya nyavu za kukokota vya wakati ule, na wingi huo ulishawishi hata ujenzi wa kiwanda cha kuwasaga kuwa unga wa samaki jijini Mwanza katikati ya muongo huo. Spishi zao, yaani makundi ya viumbe wanaozaliana wao kwa wao na kubaki tofauti na jirani zao, zilikadiriwa kuwa 500 au zaidi, nazo zilikuwa zimejitenga kwa namna zilivyopata chakula: wapo waliokwangua mwani kwenye miamba, waliovunja makombe ya konokono, waliochuja matope, waliokula samaki wenzao, na hata waliokula mayai na vifaranga wa furu wengine kwa kuwapokonya mama zao mdomoni. Utofauti wote huo ulichipuka kwa kasi inayostaajabisha, kwani ushahidi wa tabaka za udongo wa sakafuni unaonyesha kuwa ziwa lilikauka na kujaa tena takriban miaka 15,000 tu iliyopita. Sangara aliyepandikizwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikaa kimya kwa muda, kisha katika miaka ya 1980 akaongezeka ghafla, na spishi zinazokisiwa kufikia 200 zikatoweka au zikawa adimu kiasi cha kutoonekana tena. Kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, waliokuwa wakifanya kazi katika Ghuba ya Mwanza tangu 1977, miongoni mwao Frans Witte na Tijs Goldschmidt, walijikuta wanaandika wosia wa samaki ambao walikuwa ndiyo kwanza wanawapa majina.

Ni katika kipindi hicho tangi la kioo lilipata kazi ambayo halikukusudiwa. Baadhi ya furu waliokuwa wamesafirishwa hadi Ulaya kwa ajili ya utafiti waliendelea kuzaliana katika maabara na baadaye katika nyumba za wapenzi wa samaki, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 hifadhi za wanyama na majumba ya samaki ya Marekani yalianzisha mpango wa pamoja wa kunusuru spishi za Ziwa Victoria kwa kuwazalisha kifungoni. Haplochromis perrieri, mathalani, ni furu ambaye kwa miongo kadhaa ameishi kizazi baada ya kizazi katika matangi ya watu wasiowahi kufika Mwanza. Jambo hili linastahili kusemwa wazi, kwa kuwa si haki kwamba mtoto wa Düsseldorf aweze kumtazama samaki wa ziwa hili akichimba kiota, ilhali mtoto wa Songwa, aliye safari ya saa chache tu kutoka ufukweni, amjue furu kama kitoweo cha kukaanga tu, au asimjue kabisa.

Mfugaji wa ukanda huu ana faida moja ambayo mwenzake wa ng'ambo hulazimika kuitafuta kwa chumvi na vipimo. Tangu 2009, mradi mkubwa wa maji unaoanzia Ihelele, wilayani Misungwi, umekuwa ukisukuma maji ya Ziwa Victoria hadi Kahama na Shinyanga chini ya mamlaka ijulikanayo kama KASHWASA, na hivyo maji yatokayo bombani katika miji hiyo ni yale yale ambamo furu aliumbika: laini, yenye chumvi chache, na yenye pH, yaani kipimo cha ukali au uchachu wa maji, inayoelemea upande wa alkali kidogo. Ushauri ulioandikwa kwa ajili ya sikilidi wa Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa, ambao hutaka maji magumu zaidi, haumhusu furu, na wanaomwaga chumvi maalumu za samaki hao katika maji ya Victoria wanapoteza fedha na kumbadilishia samaki mazingira bila sababu. Tofauti pekee ya maana ni dawa. Maji ya bomba hutiwa klorini ili kuua vijidudu, nayo klorini huunguza matamvua ya samaki na kuua bakteria wenye manufaa, hivyo maji hayana budi kuachwa katika pipa lililo wazi, yakipulizwa hewa kwa muda wa siku nzima, kabla ya kuingizwa tangini.

Jua la Shinyanga huleta tatizo jingine ambalo maandishi ya nchi za baridi hayaligusi. Katika miezi ya kiangazi, hasa kuanzia Agosti hadi Oktoba, maji hupungua upesi kwa kuvukizwa, na mfugaji hujazia kila yanaposhuka akidhani kuwa amebadilisha maji, kumbe kinachoondoka ni maji matupu huku chumvi na taka zilizoyeyuka zikibaki na kuzidi kukolea. Kujazia si kubadilisha. Sehemu ya maji ya zamani, robo au theluthi yake kila wiki, lazima itolewe kwa mpira kutoka sakafuni ndipo mapya yaingie. Baridi, kwa upande wake, haitishi sana: furu hustawi katika nyuzijoto 24 hadi 27, na ni usiku wa Juni na Julai tu ambao huweza kuwapunguzia hamu ya kula na kuzaa.

Maji ya malambo ni habari tofauti. Ardhi ya mbuga, ule udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi na kunata wakati wa masika, huyafanya maji ya mabwawa kama lile la Songwa kubeba mfinyanzi uliotifuka, na kama itakavyoelezwa baadaye, tope kwa furu si uchafu wa macho tu bali ni hatari kwa nasaba yake. Katika maeneo ya dhahabu hali ni mbaya zaidi. Wachimbaji wadogo wa Geita na Kahama hutumia zebaki kunasa dhahabu, na mitambo ya kuchenjulia hutumia sayanidi. Sayanidi huua samaki hata ikiwa kidogo sana, ilhali zebaki iliyozama katika matope hubadilishwa na bakteria kuwa umbo linalojikusanya katika miili ya wadudu na samaki na kuongezeka kila mmoja anapomla mwenzake. Kwa hiyo mfugaji hapaswi kuchota maji, mchanga wala chakula hai katika vijito na madimbwi yanayopokea mitiririko ya machimbo, hata kama maji yake yanaonekana maangavu.

Kuhusu tangi lenyewe maelezo machache yanatosha. Fundi wa vioo na alumini, ambaye hakosekani katika mji wowote wa ukanda huu, anaweza kuunganisha tangi la urefu wa sentimita 120, upana wa 40 na kimo cha 45, linalobeba takriban lita 200, akitumia kioo cha milimita 10 na gundi ya silikoni isiyochanganywa na dawa ya kuzuia ukungu, kwani dawa hiyo ni sumu kwa samaki. Maji ya kiasi hicho yana uzito wa kilo 200, na meza ya kawaida haiwezi kuubeba. Chujio linaloaminika ni kipande cha sponji ambacho pampu ndogo ya hewa huvuta maji kupitia humo. Kazi yake kubwa si kunasa uchafu bali kuwapa makao bakteria wanaogeuza amonia, ile sumu itokanayo na haja za samaki na mabaki ya chakula, kuwa nitriti, na kisha nitriti kuwa nitrati isiyo na madhara makubwa. Bakteria hao huchukua wiki kadhaa kujijenga, na wanaojaza tangi siku moja na kuingiza samaki siku ya pili ndio hupoteza samaki kwa wingi. Kwa vile umeme hukatika, na sponji isiyopitisha maji hukosa oksijeni, pampu inayoweza kutumia betri au paneli ndogo ya sola ni kifaa cha lazima.

Uzazi wa furu unafuata utaratibu uliochunguzwa kwa kina. Dume hujitwalia eneo karibu na jiwe au huchimba kishimo mchangani, rangi zake hukolea, naye hutetemesha mwili mbele ya jike mwenye mayai. Jike akikubali, wawili hao huzunguka pamoja, jike hutaga mayai machache na kugeuka mara moja kuyaokota kwa mdomo. Katika pezi la chini la dume, lililo nyuma ya tumbo, mna madoa ya manjano au ya rangi ya machungwa yanayofanana na mayai, na mtaalamu wa Kijerumani Wolfgang Wickler alieleza mwaka 1962 kwamba jike huyakaribia madoa hayo kama anayeokota mayai yaliyosalia, na wakati huo huo hupokea mbegu za dume mdomoni, ambamo urutubishaji hukamilika. Kuanzia hapo dume hana kazi tena. Jike huatamia mayai mdomoni kwa wiki mbili hadi tatu au zaidi kidogo kulingana na joto la maji, akiyageuzageuza ili yapate hewa, bila kula au akila kidogo sana, na mashavu yake yaliyovimba pamoja na taya linalotafunatafuna ndiyo dalili kwa mfugaji.

Udhaifu wa tangi hudhihirika hapo. Ziwani, jike anayeatamia huondoka na kujificha. Tangini hana pa kwenda, na dume aliyekwisha kumaliza shughuli naye huendelea kumsumbua. Ndiyo sababu dume mmoja huwekwa na majike wanne au zaidi, ili usumbufu wake usimwangukie mmoja, na mawe hupangwa kwa namna ya kuacha mapango mengi yasiyoonana. Wafugaji wengi humhamisha jike kwenye tangi dogo siku chache kabla ya kutema vifaranga. Wapo pia wanaomfungua mdomo na kumtoa mayai mapema ili kuyaangua katika chombo kinachozungushwa na hewa, wakisifu idadi kubwa ya vifaranga wanaopona. Njia hiyo inafaa pale ambapo jike ni mgonjwa au spishi ni adimu mno, lakini kuifanya desturi ni kosa, kwa kuwa jike anayemeza mayai yake na jike anayeyatunza hadi mwisho wote huacha wazao sawasawa, na mfugaji bila kukusudia huanza kuzalisha ukoo usiojua kulea.

Vifaranga hutemwa wakiwa tayari wamemaliza kiini cha yai, wana urefu unaokaribia sentimita moja, na wanaweza kula papo hapo, jambo linalowatofautisha na vifaranga wa samaki wengi wanaohitaji vijidudu visivyoonekana kwa macho. Idadi yao kwa furu wadogo wa miambani mara nyingi ni makumi machache tu, si mamia kama kwa sato wakubwa. Maandishi ya ng'ambo husifu viluwiluwi wa artemia, uduvi wadogo wa maji ya chumvi ambao mayai yao makavu huja kwa bei kubwa kutoka mbali. Kanda ya Ziwa ina mbadala usiopaswa kudharauliwa: dagaa safi, wasio na mchanga wala chumvi, waliokaushwa na kusagwa hadi kuwa unga laini, na uduvi wadogo wa ziwani, Caridina nilotica, ambao pamoja na protini hubeba karotenoidi, yaani viini vya rangi ambavyo mwili wa samaki hauwezi kuvitengeneza na bila hivyo wekundu wa dume huchujuka. Kiini cha yai la kuku, ambacho wengi hukimbilia, huchafua maji ndani ya saa chache na hakina sifa inayofidia hasara hiyo. Chakula kidogo mara nne au tano kwa siku ni bora kuliko kingi mara moja, na furu wakwangua mwani hawana budi kupewa pia majani laini au mwani mkavu, kwa kuwa utumbo wao mrefu huvimba na kuwaua wakilishwa protini tupu. Wadudu wa majini wanaochotwa kwenye madimbwi huleta hatari mbili: viluwiluwi wa kerengende wanaowala vifaranga, na viluwiluwi wa mbu ambao, wasipoliwa wote, huruka na kuiletea nyumba malaria.

Baada ya malezi ndipo linapokuja lile ambalo uchambuzi huu unaliona kuwa kiini cha jambo lote. Pundamilia nyererei, furu wa miambani aliyeelezwa kisayansi mwaka 1985 na kupewa jina kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere, ana dume mwenye mgongo mwekundu na ubavu wa manjano. Ndugu yake wa karibu, Pundamilia pundamilia, aliyeelezwa mwaka 1998, ana dume wa samawati ya kijivu. Majike wa pande zote mbili wana rangi hafifu na ni vigumu hata kwa mtaalamu kuwatenganisha. Kinachozuia mchanganyiko ni chaguo la jike, naye huchagua kwa macho. Mtafiti Ole Seehausen na wenzake walionyesha maabara kwamba chini ya mwanga wa rangi moja, unaoficha tofauti ya wekundu na samawati, majike huacha kubagua, na mwaka 1997 walikwisha kueleza kwamba mahali ambapo maji ya ziwa yamechafuka, rangi hufifia, mipaka ya spishi hulegea, na idadi ya spishi hupungua bila sangara kuhusika. Tangi lenye maji yenye tope, au lililowashwa taa ya rangi kwa ajili ya urembo, hurudia kosa hilo hilo sebuleni.

Mvutano uliopo hauepukiki kirahisi. Madume wa furu huwashambulia zaidi wale wanaofanana nao kwa rangi, hivyo mfugaji anayewachanganya mwekundu na wa samawati hupata utulivu kiasi. Lakini utulivu huo hulipiwa kwa machotara, ambao huzaa kama kawaida na kwa kizazi kimoja au viwili huwa hawatambuliki. Uzuri wao si hoja. Samaki aliyechanganyika hawezi tena kutenganishwa, na kila anayempokea hupokea mwisho wa nasaba mbili. Kwa sababu hiyo ni afadhali mfugaji mwenye tangi moja awe na spishi moja na avumilie ugomvi, na hata ndani ya spishi moja asichanganye wa kisiwa cha Makobe na wa mahali pengine, kwa kuwa wengi wa furu wa miambani hawavuki mchanga wala kina kirefu, na kila rundo la miamba lina watu wake.

Hata nasaba iliyolindwa vizuri hubadilishwa na tangi lenyewe. Astatoreochromis alluaudi, furu mla konokono, ana mifupa ya kooni iliyo minene na yenye meno mapana ya kusaga makombe, lakini mtaalamu wa samaki Humphry Greenwood alithibitisha katika miaka ya 1960 kwamba vifaranga wake wakilelewa kwa chakula laini hukua na mifupa myembamba. Samaki huyo alipopandikizwa katika mabwawa ya nchi kadhaa za Afrika ili awale konokono wanaoeneza kichocho, ugonjwa unaojulikana sana Usukumani, matumaini hayakutimia, maana palipokuwa na chakula rahisi aliwaacha konokono na koo lake likalegea. Mfugaji anayetaka kumlea furu aliye furu hasa, basi, humpa kazi ya kufanya: konokono wa kuvunja, jiwe lenye mwani wa kukwangua. Vilevile hawezi kuanza na jozi moja. Kundi la kumi au zaidi wasiotoka tumbo moja, linalobadilishana madume na kundi la mfugaji mwingine mwenye samaki wa asili ile ile, huchelewesha kudhoofika kunakotokana na ndugu kuzaliana, na daftari linaloonyesha jina la spishi, mahali alipovuliwa, mwaka, na nani kazaliwa na nani lina thamani sawa na samaki wenyewe. Samaki asiyejulikana alikotoka hawezi kurudishwa popote.

Ukusanyaji wa samaki wa mapambo kutoka ziwani unahitaji leseni chini ya Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003 na kanuni zake, na Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, TAFIRI, yenye kituo Mwanza, ndiyo mahali sahihi pa kuulizia utambulisho wa spishi. Swali gumu zaidi hujitokeza mwaka mmoja baadaye, vifaranga wanapojaa na tangi halitoshi. Kwa mkazi wa Songwa kishawishi kiko mlangoni: bwawa liko karibu, na kumwachia samaki huru huonekana kuwa huruma. Historia ya malambo na maziwa ya ukanda huu inakataa. Sato, aliyeletwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, alizaa na ngege na kumsukuma nje kiasi kwamba ngege halisi leo hutafutwa katika maziwa madogo ya pembeni kama Kanyaboli, huko Siaya, Kenya, ambako nako anaandamwa na sato. Furu wa tangini anayetupwa lamboni hukutana na furu wa porini ambao pengine hakuna mtaalamu aliyewahi kuwachunguza, na akizaa nao hakuna tena wa kuwachunguza. Vifaranga wa ziada hugawiwa kwa wafugaji wengine pamoja na nakala ya daftari, au madume hutengwa na majike mpaka nafasi ipatikane, au samaki huliwa, kama walivyoliwa siku zote ziwani. Na maji ya tangi yanayotolewa kila wiki, ambayo huweza kubeba mayai ya vimelea na vijidudu vya maradhi, humwagwa bustanini kwenye mchicha, mbali na mfereji wowote unaoelekea bwawani.